Pango la Kihambani Kwetu

Jumamosi, 17 Juni 1995

Kikao cha kanuni tena. Tulianza asubuhi, mpaka mchana tuko bado kwenye kifungu cha tatu. Baridi ya Juni, chai ya rangi, maandazi ya jana. Tunakutana chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya magari kwa sababu mwenye duka ni mwanachama. Chama cha mapango cha taifa zima, eti. Wanachama wa Dar hatujawahi kuwaona sura. Wa Tanga ni mmoja, huandika barua ndefu.

Mwaka huu kila mtu ana chama. Mama muuza maandazi kaniuliza chetu kinamsimamisha nani urais. Nikamwambia sisi ni watu wa mapango. Akasema, "Haya mama, nanyi mtapata kura zenu."

Mabishano ya leo: pango ni nini hasa? Mzee Elinami, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa jiografia, anasema pango ni lile lililoachwa na moto wa mlima au maji. La mkono wa mtu ni shimo. Nikamwambia mahandaki waliyochimba mababu zetu huku mlimani, wakajificha humo na watoto na ng'ombe wakati wa vita, hayo ni mapango kuliko hata hayo yake. Hawa, yule muuguzi, kaniunga mkono. Wakapiga kura. Nimeshinda. Yaani wameshinda wao, maana mimi sina kura.

Hilo linaniuma, acha niseme. Katiba nzima ni mwandiko wangu. Ramani zao zote nazisafisha mimi. Lakini ni mwanachama mshiriki, basi. Mwanachama kamili ni yule aliyeingia pango ambalo halijaandikwa kwenye kitabu cha chama, akalipima, akalichora mwenyewe, kwa idhini ya mwenye ardhi. Mimi kila nililoingia lilikuwa limeshaandikwa. Nachora ya wenzangu. Hovyo kabisa.

Jumapili, 18 Juni

Misa ya kwanza. Padri kahubiri ndugu kupendana. Nimetazama viatu vyangu mahubiri yote.

Tangu jana naliwaza pango la kwetu. Liko Uru, kijijini kwetu mlimani, nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye kihamba cha marehemu baba, shamba la migomba la ukoo. Alilichimba babu yake baba na ndugu zake. Najua mlango wake ulipo. Ndani sijafika. Kwetu halionyeshwi mtoto wa kike. Ataolewa, aende na siri ya maficho kwa ukoo mwingine. Deo, mdogo wangu, kitinda mimba, alionyeshwa na baba angali na meno ya utoto. Siku hiyo mimi nilibaki juu nimeshika kamba ya ng'ombe. Nikawasikia chini ya miguu yangu, wanacheka.

Sikuolewa. Siri ningempelekea nani?

Sasa kihamba ni cha Deo, kama ilivyo desturi, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba. Na mimi na Deo hatusemezani. Mwaka wa nne huu. Baba alipofariki, matanga hayajaanuliwa, Deo akabomoa jiko la mama, lile la udongo, ajenge la bati. Nikienda nyumbani nilikuwa nalala mle, kando ya mafiga. Sikumuuliza kitu. Nilisimama mbele ya waombolezaji nikamwambia, hujamaliza kumzika baba unanifukuza na mimi. Nikasema sina ndugu hapa. Nikachukua kikapu changu nikashuka kwa miguu mpaka mjini.

Kila Krismasi mji wote wa Moshi unapanda kwao mlimani. Hata walio Dar na Mwanza wanapita na mizigo na watoto, wanapanda. Mimi nabaki hapa mjini, mtaa wa Pasua, na mbwa wa mwenye nyumba.

Jumatano, 21 Juni

Nimechora ramani ya nyumba ya wakala wa kahawa. Wanunuzi binafsi hawa wana haraka na kila kitu. Anataka baraza yenye nguzo, vyumba vya wageni, choo cha ndani. Tangu nipunguzwe kazi ofisi ya ardhi naishi kwa kuchora nyumba za watu. Nzuri nzuri. Nikimaliza naviringisha karatasi namkabidhi mtu nyumba yake, nafunga chumba changu cha kupanga, nalala.

Jioni wingu likafunguka, mlima wote nje. Nikatafuta Uru kwa macho. Migomba tu na moshi wa majiko.

Jumamosi, 1 Julai

Kifungu cha idhini kimepita. Nimekiandika mimi. Nakinakili hapa kwa sababu nimekipenda:

"Pango lililo ndani ya kihamba au shamba la mtu halitaingiwa mpaka mwenyewe aridhie kwa moyo wake, bila kushurutishwa, wala kudanganywa, wala kutiwa haya."

Mzee Elinami alitaka kufuta hayo maneno ya mwisho. Anasema lugha ya sheria haina haya. Nikakaza. Nikamwambia mzee wangu, huku kwetu watu hawashurutishwi kwa rungu, wanashurutishwa kwa haya. Hawa akacheka mpaka akamwaga chai. Kimebaki kama nilivyokiandika.

Vingine vilivyopita: hakuna kuingia chini ya watu watatu, mmoja abaki juu mlangoni. Hakuna kuchukua mfupa wala kigae. Mkutano mkuu ni tarehe 26 Agosti. Atakayeleta ramani yake kufikia siku hiyo anaandikwa mwanachama kamili mwanzilishi. Asiyeleta anangoja mkutano mkuu mwingine, miaka mitatu. Safari ya mapango ya Tanga ni ya wanachama kamili tu.

Wakati wa kufunga makabrasha Mzee Elinami akasema, "Teri, kwenu si kuna pango nyuma ya zizi? Unahangaika nini? Muombe mdogo wako atie sahihi." Anajua habari zetu. Moshi nzima inajua. Nikajitia kukusanya vikombe.

Nataka uanachama kamili. Hilo tu. Nataka jina langu liitwe nisimame.

Jumatatu, 3 Julai

Nimepanda mpaka njia panda ya Uru. Nikanunua mkungu wa ndizi nisiouhitaji. Nikarudi nao kichwani kama mchuuzi.

Jumanne, 4 Julai

Jumamosi nilijidanganya humu humu ambamo hakuna anayesoma. Si hilo tu. Nataka kwenda nyumbani. Nataka kuamka nisikie mtu anakata majani ya ng'ombe nje. Pango ni kisingizio. Lakini bila kisingizio miguu haipandi, imekataa miaka minne.

Jumanne, 11 Julai

Nimekutana na Selina sokoni, mke wa Deo. Alikuwa na nyanya zake. Nilitaka kupita kando, akaniita kwa sauti, "Wifi! Wee wifi! Unanikimbia, nimekuwa askari?" Watu wakageuka. Ikabidi niende.

Hana kinyongo yule mwanamke. Amenenepa. Anasema Deo kila Krismasi anachinja na anaweka mguu mmoja kando, hasemi wa nani, mpaka unakauka, anapewa mbwa. Nilikuwa nimeshika nyanya mkononi, nikaiponda.

Akaniambia, "Njoo na isale, wifi. Njoo na baba mdogo Kornel mbele. Deo atafanya nini? Yaishe."

Isale. Jani lile lile tunalopanda mipakani mwa vihamba. Ukilifunga fundo ukampelekea mtu uliyemkosea, hakatai. Hawezi kukataa. Anayekataa isale amejitoa mwenyewe kwa watu, hata akifa wanamzika kwa shingo upande.

Hawezi kukataa. Nimerudi nyumbani nikilirudia neno hilo. Halafu nikawaza: na akiwa hawezi kukataa, sahihi nayo? Nikajiona mjanja. Nikapika wali.

Jumapili, 23 Julai

Nimetoka Uru. Acha niandike yote.

Baba mdogo Kornel alitangulia na isale mkononi, mimi nyuma na kitenge kipya. Nilimsalimu shikamoo njiani akaitika bila kugeuka. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa, baada ya baba. Hapendi mzaha na mambo haya.

Deo alikuwa zizini, mabuti ya mvua, mikono ina samadi. Ameota mvi. Mungu wangu, mdogo wangu ana mvi. Baba mdogo akasema maneno yetu ya Kichagga, yale ya kuombea. Deo akanawa mikono kwanza. Akapokea isale kwa mikono miwili, akaliangalia. Machozi yakamtoka waziwazi. Akasema, "Karibu nyumbani, dada." Nami nikalia, sikujizuia, nililia kama ninavyolia sasa.

Akachinja mbuzi. Selina akatuwekea mtori wa ndizi. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, baba mdogo, kisha Deo, kisha mimi. Tulikaa kwenye hilo jiko la bati nililolitukana. Ni jiko tu. Lina moshi ule ule, harufu ile ile ya ndizi zinazochomwa. Deo akanitania nimekuwa mtu wa mjini, nakula mtori kwa kijiko kidogo. Isale lilikuwa mezani katikati yetu. Sijawa na furaha kama ile tangu baba alipokuwa hai.

Na ndipo nikatoa karatasi kwenye pochi.

Sijui nilikuwa na haraka ya nini. Baba mdogo alikuwa bado na nyama mdomoni. Nikaieleza, chama, pango, sahihi ya mwenye kihamba, hapa chini. Sauti yangu ilikuwa ya ofisini, nilijisikia mwenyewe. Deo akatazama karatasi. Akatazama isale. Akanitazama.

"Hili ndilo lililokuleta?"

Nikasema, "Na hili."

Baba mdogo akaacha kutafuna. Deo akasema, "Isale likishaingia ndani, mimi sina neno la kukataa. Nipe kalamu." Akatia sahihi bila kusoma. Akainuka akasema anakwenda kukata majani. Nilimngoja. Selina akafunga nyama kwenye jani la mgomba nishuke nayo. Nilimngoja tena. Hakurudi mpaka nimeondoka.

Njiani baba mdogo alitangulia mbali. Kwenye njia panda akasema tu, "Teresia." Jina zima. Akaenda zake.

Sahihi ninayo.

Jumatatu, 24 Julai

Nimesoma tena kifungu changu. Wala kutiwa haya. Maneno yangu niliyoyagombania na mzee wa watu.

Nimemtia Deo haya ndani ya nyumba yake, mbele ya baba mdogo, kwa jani la kuombea msamaha. Nililigeuza mhuri wa ofisi. Na msamaha wenyewe sikuuomba, yale maneno ya msibani sikuyagusa hata kidogo. Mwanamke mpumbavu.

Nyama aliyofunga Selina sijaila. Nimempa mwenye nyumba.

Jumamosi, 29 Julai

Mzee Elinami ameiona karatasi kwenye faili langu. Kafurahi kama mtoto. Kashapanga, kashatuma na salamu Uru: Jumamosi ijayo yeye, Hawa na mimi. Tepu, dira, kofia ngumu, betri mpya za tochi. Hawa abaki mlangoni juu. "Teri, utatangulia wewe! Pango lako!" Nilitakiwa kusema ukweli wa sahihi ile. Mdomo ulifunguka nikasema tuchukue na kamba.

Tamaa ni kitu kibaya. Wiki nzima naota udongo. Nauona mlango, naona nimeinama, na mbele mtu anaita jina langu lile la utotoni ambalo hakuna aliyebaki wa kuniita nalo. Naamka nimekunja magoti.

Jumamosi, 5 Agosti

Tumekwenda. Sijaingia.

Niandike vizuri. Tulifika kabla umande haujakauka. Deo hayupo, kaondoka na giza kwenda gulioni Kwa Sadala kutafuta ndama. Hivyo kasema Selina. Kwa Sadala, upande wote ule wa pili, leo hii. Aliondoka asituone, nani asiyejua.

Selina akatupa chai na kiburu, ndizi na maharage, moto moto. Kisha akatupeleka nyuma ya zizi. Magugu yote yamefyekwa. Jiwe la mlangoni limesogezwa. Na kuna ngazi. Zimechongwa kwenye udongo, mpya, zinashuka mpaka gizani. Pana, na fupi fupi. Goti langu la kulia ni bovu tangu ujana, siwezi kushuka hatua ndefu.

"Kazichonga Deo," Selina akasema. "Wiki nzima, kila akitoka kukamua. Nikimuuliza hajibu."

Hewa ya baridi inatoka mle chini. Nilivaa suruali na kofia ngumu, nikasimama juu ya ngazi ya kwanza. Nilitaka. Yesu na Maria, nilivyotaka. Sijawahi kutamani mwanamume, wala nyumba, wala kazi yangu ya zamani, kama nilivyolitamani lile shimo.

Nikawaza: anachonga kwa sababu alitia sahihi, na alitia sahihi kwa sababu ya isale. Mtu mwenye neno lake. Hii si ridhaa, hii ni adabu. Nikishuka sasa nimemwibia mara ya pili.

Nikavua kofia. Nikamwambia Mzee Elinami siingii, idhini hii si idhini, nilimshurutisha. Mzee akawaka. Kabeba tepu kilima chote kile na kifua chake kibovu. "Sahihi si hii hapa? Teri, unatufanyia michezo?" Nikamsomea kifungu kwa kichwa. Akasema kifungu hicho alikikataa tangu mwanzo. Hawa akakunja kamba taratibu.

Nikamrudishia Selina karatasi. Nikamwambia, mwambie Deo namrudishia sahihi yake, nitakuja siku akiwapo, akitaka mwenyewe. Selina akaitazama karatasi, akazitazama ngazi.

"Wifi, mtu kachimba," akasema. Basi.

Tumeshuka mjini.

Jumapili, 6 Agosti

Nimelala vizuri. Nilichofanya ni haki. Deo atakuta karatasi yake, ataelewa kwamba sikuja kuchukua. Najisikia mwepesi. Najivunia hata. Nimeimba kanisani.

Jumatano, 16 Agosti

Nimenakili katiba yote kwa wino kwa ajili ya Msajili. Mwandiko umetulia.

Hakuna habari kutoka Uru. Ni msimu wa kahawa, wana kazi.

Jumamosi, 26 Agosti

Mkutano mkuu. Watu walijaa kidogo, hata wa Tanga kaja, kumbe ni mfupi na ana kigugumizi. Mama muuza maandazi kasimama mlangoni kusikiliza, akaondoka katikati.

Nimesoma kanuni zote kwa sauti, mimi, mwandishi wa kikao. Nilipofika kifungu cha idhini wakapiga makofi. Mtu wa Tanga kaomba anakili.

Halafu wakaitwa wanachama kamili waanzilishi, mmoja mmoja, asimame. Mzee Elinami. Mwenye duka. Hawa, kwa pango alilolipima karibu na Mkuu, Rombo, kwenye shamba la mgonjwa wake mmoja. Aliyemkaribisha mwenyewe, kwa kicheko na maziwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mzee Elinami alifika mwisho wa majina, akanitazama kidogo. Si mtu mbaya. Akafunga daftari.

Wanaondoka kwenda Tanga mwezi wa kumi.

Nilidhani ningeumia zaidi. Nimeumia, lakini nilikuwa nasikiliza mlango. Kijinga tu, nilidhani labda Deo angetokea, na mabuti yake, aseme dada twende. Kila mtu aliyeingia nilimtazama miguu.

Alhamisi, 31 Agosti

Hakuna habari.

Nimenunua mkate na sukari. Nimeviweka mezani. Vinanitazama.

Jumapili, 10 Septemba

Niko Uru. Naandikia mezani kwao, jua bado halijazama.

Nimepanda peke yangu baada ya misa. Bila baba mdogo, bila isale, bila karatasi. Mkate na sukari tu. Isale nililitumia vibaya, sikuwa na uso wa kulikata lingine.

Deo alikuwa anaanika kahawa. Akanisalimu, "Shikamoo dada." Nikaitika. Nikaanza na yale ya zamani kabla sijakaa. Nikamwambia, Deo, siku ya msiba nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Jiko lilikuwa lako kubomoa. Niliogopa sina mahali tena, nikakutupia wewe hofu yangu. Nisamehe. Nilisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, Kichagga kilikataa kutoka.

Akageuza kahawa kwenye kichanja. Akageuza tena. Akasema, "Nilibomoa kwa sababu ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka. Ungekuangukia."

Miaka minne. Sikuuliza, na yeye hakusema. Sote watoto wa baba mmoja.

Tukakaa. Baadaye nikaenda chooni, nikapita nyuma ya zizi. Nikasimama. Hakuna mlango. Hakuna ngazi. Kifusi kimeshindiliwa, na juu yake migomba michanga imepandwa, na samadi, imeshaanza kutoa majani.

Nilirudi sijui nikitembea vipi. Deo aliniona uso.

"Nimefukia," akasema. "Ndama mpya angetumbukia."

Nikakubali kwa kichwa. Selina alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. Deo akaokota punje mbaya kwenye kahawa, akazitupa, akaokota nyingine nzuri akazitupa nazo.

"Nilirudi siku ile kutoka Kwa Sadala," akasema, "nikaenda kuangalia. Ngazi hazina hata alama ya kiatu."

Nikamweleza. Kanuni, moyo wa mtu, kushurutishwa, haya. Nikamwambia nilirudisha sahihi kwa heshima yake. Nilieleza sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha, kama alivyokuwa akimsikiliza baba.

"Ile karatasi niliitia sahihi kwa hasira," akasema. "Ni kweli. Lakini ngazi sikuzichonga kwa karatasi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ungeshuka tu, dada. Mimi sikujua namna nyingine ya kusema."

Nililia. Yeye hakulia safari hii, alikaa karibu nami kwenye benchi mpaka nikamaliza. Nikamuuliza kama linaweza kufukuliwa. Akasema alipokuwa anashindilia, dari ya mle ndani iliporomoka yote, alisikia. Aliketi juu pale pale, akajuta. Halafu akapanda migomba, maana udongo uliofukuliwa haukai bure.

Nikamuuliza basi, kulikuwaje kule chini.

Alianza taratibu, kuanzia mlangoni. Anaeleza kwa mikono. Hapa unainama, hapa unapita kwa tumbo, hapa kushoto usiguse. Kulikuwa na chumba ambamo kina mama walikaa na watoto, na ukuta wake ulikuwa laini kwa migongo yao. Selina akazima redio, hata yeye alikuwa hajawahi kuambiwa. Deo alieleza mpaka mwisho kabisa, kule njia inakotokea karibu na mto, na mambo aliyoambiwa na baba humo, ambayo hapa siyaandiki. Nilikuwa na penseli kwenye pochi. Nilishika vidole vyangu visichore.

Mzee Elinami atauliza, nitamwambia kwetu hakuna pango.

Selina amenitandikia chumba cha mbele. Deo yuko nje anakata majani ya ng'ombe. Kesho nitawasaidia kuchuma kahawa ya upande wa juu, halafu jioni nitashuka mjini.